Kila Mtu Alimpa Mbili

Wanangu mnaosimama sasa nyuma ya kaunta za maduka ya dawa, nyinyi mna feni, mna friji, mna simu ya kuulizia kila kitu, na koti jeupe mnalivaa hata mkienda kununua vitumbua. Hongereni. Mimi Bi Tatu nimesimama nyuma ya kaunta hapa Bagamoyo mpaka magoti yakakataa, na koti langu la mwisho sasa nafutia meza. Juzi binti mmoja wa duka la jirani aliniuliza, kwa adabu zake zote, kwani dawa ya maumivu nayo ni ya kusomea? Mtu anaumwa kichwa, unampa, anakwenda zake. Nikamwambia nitakaa chini nimwandikie, maana nikianza kumsimulia pale nitalia, na wateja wake watadhani nimeibiwa.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Huku kwetu kidonge chochote cheupe cha maumivu ni panadoli, hata boksi likiwa na jina jingine kabisa. Dawa yenyewe ni parasetamo. Ni dawa nzuri, asije mtu akasema Bi Tatu kaitukana. Inashusha homa, inatuliza kichwa, jino, mgongo na maumivu ya mwezi. Mjamzito hupewa, mtoto mdogo hupewa kwa kipimo cha uzito wake, na tumboni haichomi kama wale ndugu zake wakali. Hata leo ipo nyumbani kwangu, juu ya kabati, wajukuu wasikofika.

Hao ndugu zake wakali niliwajua vizuri msimu wa mananasi. Vijana wa Kiwangwa walikuwa wakishuka mjini, wanaomba za kuvutia kazi. Si kwamba mgongo unauma, hapana, wanameza kabla haujauma, asubuhi, kwa chai ya rangi na tumbo tupu, ndipo wanakwenda kubeba matenga. Wanataka ile ya mgongo na viungo, diklofenaki, na ukiwapa parasetamo wanakuona mchoyo. Mmoja wao alikuwa mcheshi sana, kila akija lazima anitanie kwamba nitakuwa mke wake wa pili. Siku moja akaja kimya, kainama, ananiuliza choo kikiwa cheusi kama lami ni dalili ya nini. Nilijua tumbo linavuja damu, nikafunga duka nikampeleka hospitali mwenyewe. Alipona, lakini ule utani wa mke wa pili ukawa umekwisha.

Aliyenifundisha kazi ni mwenye duka, Mzee Abdu, mtu mfupi, sauti ya kukwaruza, asiyependa salamu ndefu. Siku ya kwanza alinipangia maboksi matatu mezani, moja la kichwa, moja la mafua, moja la mgongo, akaniambia nitafute tofauti. Nikasoma majina, nikasema hii ni ya hiki na hii ya kile. Akanigonga kidole cha mkono kwa kalamu. "Soma maandishi madogo," akasema. "Hayo makubwa ni ya kuuzia." Nikasoma. Parasetamo ilikuwamo kwenye yote matatu. Mtu mwenye mafua, kichwa na mgongo angeweza kutoka pale amebeba dawa moja mara tatu, na angetushukuru.

Kwa hiyo sheria ya Mzee Abdu ilikuwa moja. Kabla mkono haujatoka kwenye droo, muulize mtu leo ameshameza nini. Wateja walichukia. Mwingine alinijibu kameza mate. Mwingine aliniuliza kama mimi ni mkewe. Lakini ukikaa na uso mkavu kama wa Mzee Abdu mtu huishia kusema, na mara nyingine anayosema yanakutoa jasho. Kulikuwa na mpishi mmoja wa shughuli, mwenyeji wa Kaole, kila penye harusi anakuja kuchukua vidonge vingi. Nikamuuliza, kwani harusini wote mnaumwa vichwa? Akacheka mpaka akashika kaunta. Alikuwa anavitia kwenye sufuria, nyama ya ng'ombe mzee ilainike upesi. Nikamwambia moto hauiondoi ile dawa, wageni wanaila na pilau. Akanijibu kwamba ndiyo maana watu wa harusi zake hucheza mpaka asubuhi bila kulalamika miguu. Nilikataa kumuuzia, nikamwambia atumie papai bichi kama walivyotumia bibi zake. Alininunia muda mrefu, akawa ananipita kama anapita ukuta.

Haya, kipimo. Mtu mzima ni vidonge viwili kwa mara moja, vile vya miligramu mia tano, kisha akae saa sita, na siku nzima visizidi vinane. Aliyekonda, mnywaji wa pombe, mwenye maradhi ya ini na asiyekula, hata hivyo vinane kwake ni vingi. Hapo kwenye asiyekula naomba msimame. Ini ndilo linaloisafisha hii dawa mwilini, na kazi hiyo linaifanya kwa akiba inayotoka kwenye chakula. Mtu akikaa bila kula, akiba inakwisha, na sumu ya dawa inabaki na ini peke yao. Na haina kelele. Mtu anatapika kidogo, kisha anaonekana kama ana nafuu, watu wanashukuru, kumbe ndani ini linakufa.

Hili la asiyekula sikulijifunza kwa Mzee Abdu. Nimelijua kwa shoga yangu Zena.

Zena na mimi tulitobolewa masikio siku moja, na mtoboaji mmoja, na yeye ndiye aliyenishika mkono maana mimi nilikuwa mwoga. Alikuwa fundi cherehani. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, akawalea kwa cherehani ile, Hamisi na dadake Rehema. Hamisi alikuwa na bodaboda. Lori likamgonga barabara ya Dar, akafa palepale. Habari zilinikuta Kiwangwa, kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji, hawezi hata kujigeuza kitandani. Nilishindwa kuondoka. Nililia huko huko na kitoto kichanga mapajani, nikampigia simu Zena tukalia wote wawili. Nilifika Bagamoyo siku ya kuanua tanga.

Msiba wetu mnaujua. Mwanamke aliyefiwa na mtoto anakaa kwenye godoro chini, kila anayeingia anapiga magoti, analia naye, kisha anatafuta la kumfanyia, maana mtu hajisikii kuondoka bila kumfanyia chochote. Zamani alifungwa kichwa kwa kanga, akapakwa mafuta ya karafuu. Siku hizi anapewa panadoli. Mtu anatoka kwake, anapitia dukani, anachukua na vidonge kama anavyochukua sukari ya kupeleka msibani. Anamwambia meza mbili upumzike. Na mfiwa hakatai, kwa sababu kuurudisha mkono wa mtu siku kama ile ni kumvunjia heshima. Nimeyaona hayo misiba mingi na watu wanaamka salama. Lakini wale walikuwa wanakula.

Nilipokaribia nyumba, wanawake wa barazani walinipokea kwa sauti za chini. Wakaniambia Zena amelala, alhamdulillahi, hatimaye usingizi umempata. Kabla sijavua viatu mmoja akanivuta pembeni akaninong'oneza nimwangalie Saumu. Saumu ni wifi yake Zena, dada wa marehemu mumewe. Waligombana zamani kwa ajili ya nyumba ile, wakakaa bila kusemezana, na msiba ndio uliomleta Saumu kutoka kwake Kiwangwa. Tangu aje yeye ndiye aliyekuwa akimpikia Zena uji, na tangu anywe uji ule, wakasema, Zena hajaacha kutapika. Maneno yote hayo yalisemwa huku Saumu yuko uani peke yake, anaosha bakuli.

Niliingia ndani. Zena hakuwa amelala usingizi wa watu. Macho yalikuwa nusu wazi, na ile sehemu nyeupe ilikuwa ya manjano, manjano ya bizari. Nikamwita. Akanitambua, akanishika kidole, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama Hamisi ameshakula. Nilijibu ameshakula. Sijui ningejibu nini kingine.

Nilipomwinua nimweke vizuri, kanga yake ikanigusa mkononi, nikahisi kitu kigumu. Pindo lilikuwa limefungwa fundo. Nikalifungua. Humo mlikuwa na vidonge alivyopewa akashindwa kuvimeza, vya kila aina, vingine vimetolewa kwenye maganda yake, vingine vimekatwa viwiliviwili kwa mkasi pamoja na ganda. Chini ya mto kulikuwa na maganda matupu. Nikasoma maandishi madogo. Hili la kichwa, hili la mafua, hili la mgongo.

Nikatoka nikauliza, mmoja mmoja, polepole, nisimtishe mtu. Jirani wa ukuta mmoja alisema alimpa mbili tu. Mke wa imamu alisema mbili tu. Mwanamke aliyekuja kutoka Kaole alisema alimpa za mafua, mbili tu, kwa sababu Zena alikuwa amelia mpaka pua imeziba. Kungwi wake alimpa za mgongo, maana kukaa chini kutwa kunaumiza, mbili tu. Wote walikuwa wananijibu kwa upole, wengine wakingoja niwashukuru. Na hayo yalikuwa ya siku moja tu kati ya zile za tanga. Rehema alisema yeye alikuwa akimpa alfajiri, kabla ya watu kuja. Nikauliza Zena amekula nini tangu mwanawe azikwe. Hakuna aliyemwona akila kitu, ila uji wa Saumu, vijiko viwili vitatu, tena mara moja moja.

Bajaji ikatupeleka hospitali, hospitali wakatupeleka Dar. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yangu, akaniamkia shikamoo hata katikati ya haraka zile. Nikampa maganda na vile vidonge vya kwenye pindo. Akaniambia ipo dawa ya kuliokoa ini, wameianza, lakini hufanya kazi vizuri mgonjwa akiwahi, na sisi hatukuwahi. Nilikaa na Zena mpaka mwisho. Hakuuliza tena habari za Hamisi. Alikwenda Ijumaa, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na mimi nikiwa mwoga vilevile.

Maiti ilirudishwa Bagamoyo asubuhi, ikalazwa chumba cha ndani kungojea kuoshwa. Godoro lilikuwa bado palepale sebuleni, na sasa Rehema ndiye aliyelikalia. Mlangoni wanawake walikuwa wamesimama bega kwa bega, na Saumu yuko nje juani. Walimwambia mchawi haingii. Walimwambia mikono iliyompikia uji ule haitamwosha. Alikuwa ameshikilia pakiti ya ubani aliyonunua, anaitazama.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwa kaka yake Zena, Mzee Juma, ambaye alikuwapo hospitali na alimsikia daktari kwa masikio yake. Nikamwambia yeye ndiye mkubwa, awaambie watu kilichomuua dada yake. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwache Saumu abebe lawama, Bi Tatu," akaniambia. "Yeye jioni anarudi kwake. Hawa wataishi hapa. Rehema ataishi hapa. Utamwambia mtoto yule amemsaidia kumuua mama yake?"

Wanangu, sitawadanganya kwamba nilimjibu mara moja. Maneno yake yalikuwa na huruma ndani yake, na nilimwona Rehema nilivyomwacha sebuleni, amejikunja, ana kanga ya mama yake mdomoni. Nilifikiri nikae kimya. Mtu mmoja aonewe, wengi wapone. Lakini jina la mchawi huku kwetu haliishi jioni. Litamfuata Saumu mpaka Kiwangwa, litawafuata wanawe, atakatazwa mlango kila palipo na maiti mpaka siku yake mwenyewe akose wa kumwosha. Na wale wanawake mlangoni, wakishaamini ni uji, msiba ujao wataleta vidonge vilevile.

Nikaingia sebuleni. Nikasimama, nikatoa salamu, nikawaambia nina neno kabla Zena hajaoshwa. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Kwamba dawa ya maumivu ikizidi inaua ini, na kwa asiyekula haihitaji kuzidi sana. Kwamba za mafua na za mgongo na za kichwa ndani yake ni dawa ileile. Kwamba daktari ameona, na Mzee Juma alikuwapo, na uji wa Saumu ndicho chakula pekee alichokipata Zena tangu mwanawe azikwe. Nikasema hakuna aliyekusudia. Nikasema kila mtu alimpa mbili, kwa mapenzi, na hakuna aliyeuliza mwenzake amempa ngapi.

Mke wa imamu akasema panadoli haiui mtu, hata watoto wanapewa. Nikamwambia na maji tunakunywa, na mtu hufa maji. Jirani wa ukuta mmoja alianza kufungua pindo la kanga yake. Alitoa vidonge viwili. Alikuwa amemletea Rehema.

Hapo ndipo kilio kilipoanza, na hakikuwa kilio cha msiba nilichozoea. Mwoshaji, mwanamke mzima asiye na maneno mengi, akatoka chumba cha ndani, akawapangua wale wa mlangoni, akamwita Saumu kwa jina lake aingie aje amwoshe wifi yake. Saumu akaingia. Alipita katikati yao hakumtazama yeyote, na hakuna aliyethubutu kumwomba radhi, siku ile.

Rehema hakulia. Alikuwa ananitazama mimi. Nilijua anataka kuniuliza nini, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote katika kazi yangu. Nikaenda nikakaa naye kwenye godoro.

"Bi Tatu," akasema, "mimi nilikuwa nampa alfajiri, anakuwa bado hajapewa na mtu. Alikuwa anaumwa kichwa kweli. Zangu zilikuwa za kwanza."

"Ndiyo mwanangu," nikasema. "Zako zilikuwa za kwanza. Za kwanza ni dawa."

Chumba cha ndani tulisikia maji yakimiminwa. Kisha Rehema akageuza kichwa akawatazama wale mama zake wote, waliomtia jina, waliomsuka nywele, waliompeleka chuoni kusoma Kurani, mmoja mmoja.

"Si mngemwachia hizo zangu tu," akasema.

Mimi nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka mwoshaji alipokuja kutuita tumuage mama yake.